Kiwanja Kilichokuwa Jaruba: Kumbukumbu za Uchunguzi wa Ardhi ya Ujenzi

Uchunguzi wa ardhi ya ujenzi ni kazi ya kutafuta kujua, kabla jiwe la kwanza la msingi halijalazwa, tabaka za udongo na mwamba zilizoko chini ya kiwanja ni zipi, zina unene gani, maji yamekaa kina gani, na tabaka hizo zitafanya nini zitakapobebeshwa uzito wa jengo na kupitiwa na mvua na kiangazi kwa miaka 50. Kazi hii hutangulia michoro, hutangulia makadirio ya gharama, na kwa haki ingetangulia hata ununuzi wa kiwanja, kwa kuwa anayenunua ardhi isiyoweza kubeba jengo alilolikusudia hulipa bei ya ardhi hiyo, kisha hulipa tena gharama yote ya kuilazimisha ifanye isichokiweza. Katika majengo ya biashara jambo hili lina uzito wa pekee. Nyumba ya kuishi yenye sakafu iliyopasuka huendelea kukaliwa, ilhali ghala lenye sakafu iliyoinuka katikati haliwezi kupangwa marobota, duka lenye mlango wa chuma usiofunga haliwezi kulindwa, na mpangaji anayelipa kodi kwa mita ya mraba hangoji ukarabati, huhama.

Yanayoelezwa hapa yametokana na miaka ambayo mwandishi alifanya kazi ya uhandisi wa ujenzi, kwanza Shinyanga na baadaye Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa yametokana na ghala moja la pamba huko Shinyanga lenye safu ya maduka upande wa barabarani, ambalo mwandishi, akiwa mhandisi kijana aliyetoka chuoni miaka miwili tu nyuma, alikabidhiwa kulisimamia. Kiwanja kilikuwa tambarare kabisa, karibu na barabara ya lami, na utambarare huo ndio uliomvutia mwenye mradi, kwa sababu ulimwondolea gharama ya kusawazisha. Uchunguzi uliofanyika ulikuwa shimo moja, lililochimbwa kwa sururu mwezi Agosti hadi kina cha mita moja na nusu, katika pembe ya kiwanja iliyopakana na lango. Vibarua walitumia siku nzima kulichimba kwa jinsi udongo ulivyokuwa mgumu, na ugumu huo ulichukuliwa na wote waliokuwepo, mwandishi akiwamo, kuwa ushahidi wa uimara. Ripoti iliyofuata ilikuwa na kurasa tatu. Ilitaja udongo mweusi mgumu, haikutaja tarehe, na iliambatishwa kwenye maombi ya kibali cha ujenzi pamoja na karatasi nyingine.

Udongo ule ulikuwa mbuga. Jina hilo huko Usukumani halimaanishi nyika ya wanyamapori tu, bali ni jina la udongo wenyewe, yaani mfinyanzi mweusi au wa kijivu kizito unaolala mabondeni na kwenye tambarare, ambao wajenzi wa Nairobi wanaufahamu vizuri kwa sababu maeneo mengi ya jiji hilo, likiwamo eneo la viwanda, yameulalia. Ndani yake mna madini yaitwayo smektaiti, ambayo chembe zake ni vijibamba vyembamba mno vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Maji huingia kati ya kurasa hizo na kuzitenganisha, udongo ukavimba, kisha jua linapoyavuta maji kurasa hubanana tena, udongo ukasinyaa na kuacha nyufa zinazoweza kumeza mkono wa mtu. Ukiwa mkavu hushindana na sururu, na ukilowa hunasa lori lililopakia. Ugumu uliowachosha vibarua mwezi Agosti kwa hiyo ulikuwa sifa ya majira, haukuwa sifa ya udongo, na shimo lililochimbwa wakati huo liliulizwa swali katika mwezi ambao jibu lake lisingeweza kuwa la kweli.

Mvua za kwanza hazikuonyesha kitu, jambo ambalo liliwapa wote utulivu usio na msingi, kwa maana maji huchukua muda mrefu kupenya mfinyanzi, na jengo huweza kumaliza mwaka mzima likiwa limesimama juu ya udongo ambao bado haujaanza kufanya kazi yake. Katika msimu wa pili ndipo nyufa za mshazari zilipoanza kutoka kwenye pembe za madirisha kuelekea kwenye paa, milango ya maduka mawili ikakwama kwenye fremu, na sakafu ya ghala ikainuka katikati kiasi kwamba maji ya kupigia deki yalikimbilia kutani yenyewe. Sababu yake ni rahisi kueleweka ikishaelezwa. Zege la sakafu huziba uso wa ardhi, unyevu uliokuwa ukitoroka kwenda hewani hukosa njia, hujikusanya chini ya jengo mwaka hadi mwaka, na udongo wa katikati huvimba. Wakati huohuo udongo wa pembezoni, ulio wazi kwa jua na mvua, huvimba na kusinyaa kila msimu, ukiinua kuta na kuziteremsha. Kwenye ghala lile mambo mawili yalizidisha tatizo: upande wa mashariki palikuwa na shimo la maji machafu lililochimbwa mita mbili tu kutoka ukutani, likiulowesha msingi mwaka mzima, na upande wa magharibi palipandwa miarobaini miwili kwa ajili ya kivuli, ambayo mizizi yake iliunyonya udongo na kuukausha. Jengo moja lilikuwa limesimama kwa mguu mmoja majini na mwingine jangwani.

Vipimo vya usawa vilivyochukuliwa baadaye vilionyesha kwamba nguzo mbili zilizoachana kwa mita 6 zilitofautiana kwa zaidi ya sentimita 4 kutoka kwenye usawa wake wa awali. Tofauti hiyo huitwa mwendo usio sawa wa msingi, na ndiyo inayopasua majengo, kwani jengo likishuka au kupanda lote kwa pamoja huweza lisidhurike hata kidogo. Skempton na MacDonald, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1956 na ambao wahandisi wanauegemea hadi leo, walionyesha kwamba kuta huanza kupasuka tofauti hiyo inapofika sehemu 1 ya 300 ya umbali kati ya nguzo, na kwamba mifupa yenyewe ya jengo, yaani nguzo na boriti, huanza kuumia inapofika sehemu 1 ya 150. Kwa mita 6 mipaka hiyo ni sentimita 2 na sentimita 4. Ghala lilikuwa limekwisha kuvuka yote miwili kabla ya kutimiza miaka mitatu.

Hapa pana jambo ambalo wenye miradi wengi hulielewa kinyume, na ambalo mwandishi naye alilielewa kinyume kwa muda mrefu kuliko alivyostahili. Hoja iliyotumika kukataa uchunguzi wa kina ilikuwa kwamba jengo ni jepesi, ni la chini tu, lina kuta za tofali na paa la bati, na kwamba upimaji wa udongo ni shughuli ya maghorofa. Katika udongo unaovimba hoja hiyo ni kosa kubwa, kwa sababu udongo huo husukuma kwenda juu, na kinachoukabili msukumo huo ni uzito wa jengo; ghorofa zito huweza kuugandamiza, lakini ghala jepesi hunyanyuliwa. Wepesi uliotolewa kuwa sababu ya kutopima ndio uliokuwa sababu kubwa kuliko zote ya kupima.

Msingi uliofaa ulijulikana wakati ule na haukuhitaji ufundi wa kutoka mbali. Mbuga ingeweza kuondolewa, kama si nene, na nafasi yake kujazwa moramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Au ingeweza kuchanganywa na chokaa, ambayo hupunguza sana hamu ya mfinyanzi ya kunywa maji. Au jengo lingesimamishwa juu ya nguzo za ardhini zilizoshuka hadi chini ya kina ambacho mabadiliko ya majira hayafiki, na boriti za chini zikaachiwa uwazi kati yake na udongo ili udongo uvimbe bila kuzigusa. Njia hizi zote zina gharama, na uchaguzi kati yake hutegemea jambo moja ambalo shimo la mita moja na nusu halikuweza kulisema, nalo ni unene wa mbuga yenyewe.

Kilichomuumiza mwandishi zaidi ni kugundua kwamba jibu lilikuwapo mtaani, bila mashine. Bibi mmoja aliyeishi mteremkoni, alipoona wahandisi wamekuja kupiga picha za nyufa, aliuliza kwa upole ni kwa nini watu walijenga kwenye jaruba. Majaruba ni vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta madogo ili kuzuia maji, na kiwanja kile kilikuwa majaruba ya familia tatu kabla ya kuuzwa. Matuta yenyewe yalikuwa bado yanaonekana upande wa nyuma, na mwandishi alikuwa ameyaruka mara nyingi akienda kukagua zege. Mpunga haustawi palipo na udongo unaopitisha maji. Nyumba za wenyeji zote zilikuwa juu, kwenye udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na kati ya luseni na mbuga palikuwa na ukanda wa udongo mgumu wa kijivu uitwao itogolo ulioachwa kwa malisho. Mpangilio huo wa aina za udongo kutoka kilimani hadi bondeni ulipewa jina la kisayansi, katena, mwaka 1935 na Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, na tangu hapo neno hilo, lililozaliwa katika ardhi ya Tanganyika, linafundishwa katika vyuo vya dunia nzima. Mwandishi alilisoma chuoni kama somo la kilimo. Hakuna aliyemwambia kwamba ni somo la ujenzi.

Kwa sababu hiyo uchunguzi mzuri huanza bila kuchimba. Huanza kwa ramani, na Tanzania ina ramani za jiolojia zinazotolewa na taasisi ya serikali ya jiolojia iliyoko Dodoma. Huendelea kwa picha za angani za miaka ya nyuma, ambazo huonyesha mabwawa yaliyofukiwa, mikondo ya mito iliyohama na majaruba yaliyosahauliwa. Kisha hufuata kutembea kwa miguu, kuangalia kuta za majirani kama zina nyufa, visima vyao vina kina gani, na nguzo za umeme zimeinamia wapi. Maswali haya hayana gharama ila muda na adabu ya kuuliza. Baada ya hapo ndipo mashimo huchimbwa, na mashimo hayo hupangwa kufuata jengo lilivyo, si kufuata pembe iliyo rahisi kufikika: kwa majengo makubwa ya viwanda na ghala kanuni za Ulaya zinapendekeza nafasi ya kati ya mita 15 na 40 kutoka shimo hadi shimo.

Kina cha kuchimba ndicho kinachopuuzwa kuliko yote, na hapa panahitajika maelezo kidogo. Uzito wa msingi hauishii chini ya msingi, bali husambaa kwenda chini ukipungua hatua kwa hatua. Chini ya msingi wa mraba, katika kina kilicho sawa na upana wake, ardhi bado huhisi takriban theluthi ya shinikizo, na katika kina kilicho mara mbili ya upana huhisi kama sehemu moja ya kumi. Msingi wa mita 2 kwa hiyo huzungumza na ardhi hadi mita 4 chini yake, na jamvi moja la zege lenye upana wa mita 20 huzungumza nayo hadi mita 40. Anayeweka kibao kidogo cha chuma juu ya udongo na kukigandamiza ili kupima uwezo wake hupata habari za kina kilicho mara mbili ya upana wa kibao hicho, na si zaidi.

Hayo ndiyo yaliyolikuta ghala la nafaka la Transcona, karibu na Winnipeg nchini Kanada. Ghala hilo lilisimama juu ya jamvi la zege lenye upana wa mita 23 na urefu wa mita 59, na udongo wake ulikuwa umepimwa kwa kugandamiza eneo dogo la mfinyanzi mgumu wa juu. Lilianza kujazwa ngano Septemba 1913. Tarehe 18 Oktoba lilishuka kiasi cha sentimita 30 ndani ya saa moja, likaanza kulala upande mmoja, na kabla ya siku kupita lilikuwa limeinama kwa takriban nyuzi 27, likiwa zima kama sanduku lililosukumwa. Zege halikuwa na kosa. Peck na Bryant, walioandika habari za kuanguka huko mwaka 1953, walionyesha kutokana na sampuli zilizochimbwa miaka mingi baadaye kwamba chini ya mfinyanzi mgumu palikuwa na mfinyanzi laini zaidi, ambao kibao cha kupimia hakikuufikia lakini jamvi la mita 23 liliufikia. Ghala lile lilinyanyuliwa kwa subira kubwa, likachimbiwa nguzo zilizofika kwenye mwamba, likarudi kazini.

Vipimo vyenyewe si vingi, na mwenye mradi anayetaka kujua fedha zake zinakwenda wapi anaweza kuvielewa. Kile kinachofanywa ndani ya shimo la keekee huitwa jaribio la kupigilia: nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka urefu wa sentimita 76 ili kukizamisha kibomba cha chuma ardhini, na idadi ya mapigo yanayohitajika kukizamisha sentimita 30 za mwisho ndiyo kipimo cha ukakamavu wa udongo mahali hapo, huku kibomba kikirudi juu na sampuli ndani yake. Maabara hufanya mengine, na kwa mfinyanzi yaliyo muhimu zaidi ni yale yaliyobuniwa na Albert Atterberg wa Uswidi mwanzoni mwa karne ya 20. Udongo huongezwa maji hadi uanze kutiririka, na kiasi hicho cha maji huitwa mpaka wa umajimaji. Kisha hukaushwa na kusokotwa kwa kiganja hadi kamba yake ikatike ikiwa na unene wa milimita 3, na kiasi hicho huitwa mpaka wa unyumbufu. Tofauti kati ya mipaka hiyo miwili ni kielezo cha unyumbufu, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo udongo unavyotazamiwa kuvimba. Kielezo kinachozidi 35 ni onyo la kutosha. Jaribio hili hulipiwa fedha kidogo na hufanywa kwa siku chache, na lau lingefanywa kwa ndoo moja ya udongo kutoka katika shimo lile la Agosti, lingesema ukweli hata katika kiangazi, kwa kuwa maabara huulowesha udongo bila kungoja mvua.

Dar es Salaam ilimfundisha mwandishi kwamba kila ardhi ina hila yake na kwamba aliyejifunza mbuga hajajifunza pwani. Katika viwanja vya bondeni hila hiyo ni kifusi: eneo lililokuwa na maji limejazwa mabaki ya majengo, taka na mchanga, uso ukasawazishwa ukapendeza, na shimo la mita mbili hutoa mifuko ya plastiki na vipande vya magunia. Kifusi hakina uwezo wa kubeba unaoweza kutabiriwa, na dawa yake ni kukivuka. Katika maeneo ya katikati ya jiji hila ni maji, kwa sababu mchanga uliobanana vizuri huweza kubeba ghorofa nyingi hadi pale jirani anapochimba chumba cha chini ya ardhi na kuanza kuyavuta maji kwa pampu mchana na usiku. Maji yakishuka, mchanga hupoteza msaada wake, hukaa upya, na jengo la pembeni lililotulia miaka mingi huanza kuonyesha nyufa. Mwandishi alishuhudia ukuta wa duka la jirani ukiachana na paa lake kwa namna hiyo, na uchunguzi wa kiwanja kilichokuwa kinachimbwa, ambao kwa kila kipimo kingine ulikuwa mzuri, haukuwa na ukurasa hata mmoja juu ya jirani. Pwani yenyewe, kuanzia Mombasa hadi Unguja, ina mwamba wa matumbawe ulio mgumu kwa kuutazama na wenye mapango ndani, ambapo keekee moja hukuta jiwe zima na nyingine, hatua chache pembeni, hutumbukia katika uwazi.

Majengo yameanguka Dar es Salaam na watu wamekufa: tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliua watu 36, na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la Kariakoo liliua watu zaidi ya 20. Kila jengo lina sababu zake, na si kazi ya kumbukumbu hizi kuzihukumu. Lakini baada ya kila msiba mazungumzo hugeukia nondo na saruji, vitu vinavyoonekana, na ni nadra mtu kuomba aonyeshwe ripoti ya ardhi. Ripoti hizo zinastahili kuombwa na kusomwa, na msomaji asiye mhandisi anaweza kuanza kwa maswali machache: mashimo yalichimbwa tarehe gani na katika majira gani, yalikuwa mangapi, yalikuwa sehemu gani za kiwanja, yalifika kina gani ukilinganisha na upana wa msingi, maji yalikutwa wapi, na je, sampuli ni za kiwanja hiki au zimeazimwa kutoka kiwanja cha ng'ambo ya barabara. Ripoti isiyojibu maswali hayo iliandikwa kwa ajili ya kibali, na mhandisi aliyepewa ripoti ya namna hiyo anawajibika kuirudisha, hata kama ni kijana, hata kama mkandarasi amekwisha leta kokoto. Mwandishi aliipokea ile ya kurasa tatu, akaona kwamba haina tarehe, akanyamaza. Nyufa zile ni zake pia.

Ghala la Shinyanga lilitengenezwa mara mbili. Shimo la maji machafu lilihamishwa, miarobaini ikakatwa, njia pana ya zege ikamwagwa kuzunguka kuta ili maji ya mvua yasiloweshe msingi, na nyufa zikashonwa kwa vyuma. Hatua hizo zilipunguza mwendo wa udongo lakini hazikuukomesha, kwa sababu mbuga ilikuwa bado chini ya sakafu. Maduka yalibomolewa baada ya wapangaji kuhama. Sehemu iliyobaki hutumika kuhifadhi magunia matupu, na pamba hupelekwa kwenye ghala la kukodi lililojengwa juu ya mteremko, kwenye luseni.